UZI: Jüdischer Frauenbund, wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani walioanika aibu ya nyumbani kwao (1904–1938)

Mtunza Kumbukumbu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Majuma mawili yaliyopita, katika uzi mmoja wa saikolojia, alitajwa "Anna O.", yule msichana wa Vienna aliyetibiwa na daktari Josef Breuer kati ya 1880 na 1882, ambaye kisa chake kilikuja kuwa cha kwanza katika kitabu cha Breuer na Sigmund Freud kuhusu histeria kilichochapishwa mwaka 1895. Watu walibishana sana juu ya maradhi yake. Nilisoma nikanyamaza, kwa kuwa nilichotaka kusema hakikuwa na nafasi pale: mgonjwa huyo aliishi miaka 54 baada ya Breuer kumaliza kumtibu, na katika miaka hiyo aliasisi na kuongoza shirika la kujitolea ambalo kufikia miaka ya 1920 lilikuwa na wanachama takriban 50,000. Jina lake halisi ni Bertha Pappenheim, na shirika lenyewe ni Jüdischer Frauenbund, yaani Shirikisho la Wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani. Uzi huu ni wa shirikisho hilo. Maradhi tuyaache kule yalikojadiliwa.

Nianze na hali waliyoikuta. Tangu zamani jumuiya za Kiyahudi za miji ya Ujerumani zilikuwa na vyama vya akina mama, na kazi zao msomaji wa Kiswahili hataziona ngeni: kuwatazama wagonjwa, kuosha maiti za wanawake, kumchangia bibi harusi maskini, kulisha yatima. Kiebrania huiita kazi hiyo tsedaka, neno lililo ndugu wa sadaka yetu, kama vile yatom yao ilivyo ndugu wa yatima. Vyama hivyo vilikuwa vingi na vidogo, kila kimoja kikitoa kwa kadiri ya huruma ya siku ile, na mara chache mtu alikaa chini kuuliza kwa nini aliyesaidiwa mwaka jana amerudi mwaka huu na shida ileile.

Pappenheim alihamia Frankfurt pamoja na mama yake mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 29, kwa ndugu wa upande wa mama, ukoo wa Goldschmidt, waliokuwa na mali na mazoea ya kutoa. Alianza kwa kugawa supu kwa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki, akawa anawasomea hadithi watoto wa kituo kimoja cha yatima cha wasichana, na mwaka 1895 akakabidhiwa kituo chenyewe. Alikiongoza kwa miaka 12. Hapo ndipo alipogeuza mambo: wasichana waliokuwa wakiandaliwa kwa ajili ya sindano na jikoni tu, hadi mchumba atakapopatikana, alitaka wapate elimu ya kuwawezesha kujitegemea. Alikuwa na sababu yake binafsi. Yeye mwenyewe alikatishwa masomo akiwa na miaka 16 kwa kuwa ni mwanamke, wakati mdogo wake wa kiume, Wilhelm, aliendelea hadi chuo kikuu. Mwaka 1899 alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mary Wollstonecraft cha kutetea haki za wanawake, jambo lililowashangaza wengi waliomjua kama binti mcha Mungu wa nyumba ya kitajiri.

Mwaka 1902 alianzisha Frankfurt chama kilichoitwa Weibliche Fürsorge, ambacho kilichukua mbinu mpya za ustawi wa jamii na kuzitia katika sadaka ya zamani: kuwatafutia wanawake ajira, kuwapa ushauri, kuwapeleka watoto wasio na wazazi katika familia za kuwalea. Miaka miwili baadaye, Juni 1904, wanawake wa mataifa mengi walipokutana Berlin katika mkutano wa Baraza la Kimataifa la Wanawake, Pappenheim na wenzake, akiwemo Sidonie Werner wa Hamburg, waliitumia fursa hiyo kuunganisha vyama vya Kiyahudi vilivyotawanyika. Frauenbund ikazaliwa, na Pappenheim akawa rais wake kwa miaka 20.

Naendelea chini.

Mtunza Kumbukumbu

Sasa niingie katika lililonifanya niandike kichwa cha uzi kama nilivyoandika.

Mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya shirikisho kuundwa, Pappenheim na Sara Rabinowitsch walisafiri kwenda Galicia, jimbo la Milki ya Austria ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine. Walitumwa kuchunguza hali ya Wayahudi wa huko, na ripoti yao ilitoka mwaka 1904. Walichokieleza ni umaskini uliokithiri katika miji midogo isiyokuwa na kazi, na pia ukosefu wa usawa ambao wanaume waliosoma ripoti hawakuupenda: mvulana alipelekwa mapema kusoma vitabu vya dini, msichana akaachwa. Msichana huyo asiye na elimu, asiye na ufundi na asiye na mahari ndiye aliyekuwa windo rahisi la wafanyabiashara wa wasichana.

Biashara hiyo ilifanya kazi hivi. Mwanamume aliyevaa vizuri alifika kijijini akijitambulisha kuwa amefanikiwa ng'ambo na sasa anatafuta mke wa kabila na dini yake. Wazazi walishukuru Mungu. Ndoa ya Kiyahudi, kwa sheria ya dini, inaweza kufungwa kwa pete na mashahidi wawili, na kulikuwa na ndoa za namna hiyo zilizofungwa kimyakimya bila kuandikishwa serikalini, ambazo mbele ya dola hazikuwa ndoa. Msichana alisafirishwa akiamini kuwa ni mke wa mtu, akashushwa Buenos Aires, Constantinople au bandari nyingine, na huko akakuta danguro. Hakuwa na cheti, mara nyingi hakuijua lugha ya nchi, na polisi hawakumwona kuwa mke wala mtoto aliyeibwa.

Wanawake wa Frauenbund walichukua hatua mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mikono: waliweka watu wa kujitolea katika vituo vya reli na bandarini, wakawangojea wasichana waliosafiri peke yao, wakawauliza wanakwenda wapi, nani anawapokea, na kama wana pa kulala usiku huo. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Walisema hadharani, kwa maandishi na katika mikutano, kwamba miongoni mwa wauzaji wamo Wayahudi na miongoni mwa wanaouzwa wamo Wayahudi.

Mwalimu Mstaafu

Mtunza Kumbukumbu, nakushukuru kwa uzi wenye uzito. Niruhusu nipinge kidogo, kwa maana nilifundisha historia kwa miaka mingi na jambo hili si jepesi kama linavyosomeka.

Tazama wakati wenyewe. Mwaka 1892 kulikuwa na kesi ya Lemberg, huko huko Galicia, ambapo watu 27 walishtakiwa kwa kuuza wanawake, na magazeti ya wachukia Wayahudi yaliila kesi ile kama karamu. Meya wa Vienna tangu 1897 alikuwa Karl Lueger, ambaye siasa yake ilisimama juu ya chuki hiyo. Aprili 1903, mwaka uleule wa safari unayoisimulia, Wayahudi waliuawa Kishinev, katika Milki ya Urusi. Katika mazingira hayo, marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, waliomwambia mama huyu anyamaze walikuwa waoga, au walikuwa watu wazima wanaojua kwamba jirani anachungulia dirishani? Kila nyumba ina uvundo wake, lakini si kila uvundo hufunguliwa mlango siku ambayo adui amesimama uani.

Mtunza Kumbukumbu

Mwalimu, shikamoo. Pingamizi lako ndilo hasa alilokutana nalo kila alikokwenda, na sidhani kama waliolitoa wote walikuwa waoga. Chuki ilikuwa ya kweli. Na ni kweli pia kwamba Wanazi walikuja baadaye kuitumia mada hii katika uchochezi wao.

Hata hivyo, nauona upande wa Pappenheim kuwa na nguvu zaidi, nami nitaeleza kwa nini. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimya haukumzuia mchukia Wayahudi kusema, kwa kuwa alikwisha kusema tangu kesi ya Lemberg. Ukimya ulimzuia mwokoaji tu. Adui alizungumza juu ya muuzaji Myahudi, na jumuiya ilipokataa kuzungumza kabisa, hakuna aliyebaki wa kumzungumzia msichana Myahudi aliyeuzwa. Sisi tuna methali isemayo mficha uchi hazai, na kwa maoni yangu ndiyo fikra iliyomwongoza.

Chukua mfano wa Buenos Aires. Jumuiya ya Kiyahudi ya huko iliwatenga wauza wanawake kwa ukali wa kupigiwa mfano: iliwaita wachafu, ikawafungia masinagogi, ikakataa kuwazika katika makaburi yake. Matokeo yake wauzaji walijijengea sinagogi lao na makaburi yao, wakasajili chama chao mwaka 1906 kama chama cha kusaidiana, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Zwi Migdal, na biashara ikaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Kilichowavunja ni mwanamke mmoja, Raquel Liberman, aliyekuwa ameuzwa yeye mwenyewe, alipokwenda kutoa ushahidi mwishoni mwa mwaka 1929. Kuwatenga wauzaji kulilinda jina la jumuiya. Wasichana walibaki danguroni.

Niongeze kwamba Pappenheim hakuwa peke yake. Wanawake wa Kiyahudi wa London walikuwa na shirika lao la kuwalinda wasichana tangu 1885, na mwaka 1910 mkutano wa kimataifa wa Wayahudi juu ya biashara hii ulifanyika huko huko London, Pappenheim akahudhuria. Mwaka 1911 na 1912 alisafiri Balkani, Constantinople, Misri, Palestina na Poland, akitembelea hospitali, shule na madanguro, akiandika barua kwa marafiki nyumbani. Barua hizo alizichapisha mwaka 1924 chini ya jina *Sisyphus-Arbeit*, kazi ya Sisyphus, yule wa hadithi za Kigiriki anayesukuma jiwe mlimani na jiwe likarudi chini. Jina hilo linatosha kuonyesha alivyoipima kazi yake.

Mkazi wa Uasin Gishu

Wakuu, nachomekea dogo. Mwaka huohuo wa 1903 ndipo serikali ya Uingereza ilipowapa viongozi wa Kizayuni wazo la kuwapatia Wayahudi wa Ulaya Mashariki ardhi ya uwanda wetu huu wa Uasin Gishu, mpango ambao dunia inauita wa Uganda ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Mkutano wao mkuu wa 1905 uliukataa. Je, akina mama hawa waliunga mkono habari za kuhama?

Mtunza Kumbukumbu

Ndugu yangu wa Uasin Gishu, hapana. Pappenheim alikuwa mpinzani wa Uzayuni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na baada ya 1933 alipinga hata mpango wa kuwapeleka vijana Palestina bila wazazi wao, kwa kuwa aliona unavunja familia. Alitaka msichana wa Galicia apate shule na ufundi kulekule Galicia. Katika hili la vijana, wakati ulimsuta, nami sitamtetea.

Bint Mwinyi

Assalaam alaykum. Nimesoma habari ya ndoa za kimyakimya nikakumbuka jambo. Sisi tuliosoma chuoni tunaijua aya inayomkataza mume kumwacha mke "kama aliyetundikwa", si mke wala si mtalaka. Nimewahi kusikia kwamba Wayahudi nao wana tatizo hilo. Je, shirikisho hili liligusa mambo ya talaka, au liliwaachia masheikh wao?

Mtunza Kumbukumbu

Wa alaykum salaam, dada. Umegusa penyewe. Wao humwita mwanamke huyo aguna, yaani aliyefungwa. Katika sheria ya dini yao hati ya talaka hutolewa na mume, hivyo mume akipotea bila kutoa hati na bila shahidi wa kifo chake, mke hawezi kuolewa tena hata ikipita miaka 30. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wengi, kwa sababu wanaume wa Ulaya Mashariki walivuka bahari kwenda Amerika kutafuta riziki na baadhi yao wakapotelea huko. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, wanaume wakafa bila maiti zao kutambuliwa.

Frauenbund iliwaomba marabi watafute njia ndani ya sheria ya dini ya kuwafungua wanawake hao, na iliunganisha ombi hilo na vita dhidi ya biashara ya wasichana, kwa kuwa mwanamke aliyetundikwa, asiye na mume wa kumlisha wala ruhusa ya kuolewa, alikuwa jirani wa karibu sana wa danguro. Marabi hawakukubaliana. Tatizo hilo lipo hadi leo.

Mtunza Kumbukumbu

Nirudi kwenye nyumba, maana shirika la ustawi wa jamii hupimwa kwa nyumba zake kuliko kwa hotuba zake.

Tarehe 25 Novemba 1907 shirikisho lilifungua makazi huko Neu-Isenburg, mji mdogo kusini mwa Frankfurt. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini si Frankfurt kwenyewe. Sababu ni ya kisheria: Frankfurt ilikuwa chini ya Prussia, mojawapo ya dola zilizounda Ujerumani, ilhali Neu-Isenburg ilikuwa katika dola ya Hesse, ambayo sheria zake hazikuwa kali mno kwa watu wasio na uraia, na wasichana wengi waliopokelewa walitoka Ulaya Mashariki bila karatasi zozote. Nyumba ya kwanza ilitolewa na Louise Goldschmidt, wa ukoo uleule wa upande wa mama.

Waliopokelewa ni wasichana waliozaa nje ya ndoa pamoja na watoto wao, wajawazito waliofukuzwa makwao, waliotolewa katika ukahaba au waliokuwa karibu kuingia, na watoto wasio na wa kuwalea. Idadi ilikuwa kama 10 mwaka 1908. Mwaka 1928 ilifika 152, na nyumba moja ikawa nne. Jiko lilikuwa la kosheri, yaani la chakula kinachoruhusiwa na dini yao, na Sabato ilishikwa, kwa sababu Pappenheim alikuwa mwenye dini na hakutaka msichana apoteze imani kwa sababu tu jumuiya ilimtupa. Vyombo na samani vilikuwa vya kawaida makusudi, ili aliyetoka pale asiione nyumba ya mfanyakazi kuwa jela.

Wapo Wayahudi wa mrengo mkali wa dini walioiona nyumba hii kuwa kashfa, wakidai kwamba kuwa na mahali pa kuwapokea wasichana wa aina hiyo ni sawa na kukiri kwamba wapo na kuwapa ruhusa. Hoja hii nadhani wengi wetu tumeisikia kwa lugha yetu wenyewe, pale inapojadiliwa habari ya wanafunzi waliopata ujauzito kurudi shule.

Shirikisho liliendesha pia makazi ya watoto wagonjwa katika kisiwa cha Föhr, Bahari ya Kaskazini, na shule ya kazi za nyumbani huko Wolfratshausen karibu na Munich, iliyofunguliwa 1926.

Kalamu Nyekundu

Heshima kwenu nyote. Maswali yangu ni mawili, na la pili ni kali.

Kwanza, wanawake wenye uwezo wa kuendesha makazi na mikutano ya kimataifa kwa nini hawakuingia katika siasa moja kwa moja wakadai sheria?

Pili, naona hapa mabibi matajiri wanawafundisha binti za maskini kupika na kufua. Kufua kwa nani? Si katika nyumba za mabibi haohao?

Mtunza Kumbukumbu

Kalamu Nyekundu, la kwanza ni jepesi. Hadi mwaka 1908 sheria ya Prussia na ya dola kadhaa za Ujerumani ilimkataza mwanamke kujiunga na chama cha siasa, lakini chama cha hisani kiliruhusiwa. Hisani ulikuwa mlango uliokuwa wazi, nao waliingia na mambo mengi chini ya kanga. Mwaka 1907 Frauenbund ilijiunga na shirikisho kuu la vyama vya wanawake wa Ujerumani. Ndani ya dini ilianza kudai kura. Jumuiya ya Kiyahudi ya mji, fahamu, ilikuwa chombo kinachotambuliwa na dola, chenye kukusanya kodi kutoka kwa waumini wake, wanawake wenye kipato wakiwemo. Mwanamke alilipa kodi, ila bodi ya kuigawa ilichaguliwa na wanaume. Wanawake wa Ujerumani walipiga kura ya Bunge kwa mara ya kwanza Januari 1919, lakini ndani ya jumuiya zao wanawake wa Kiyahudi walilazimika kuendelea kudai, mji kwa mji. Mwaka huohuo wa 1919 rabi Nehemia Nobel wa Frankfurt, mtu wa mrengo wa kale, alitoa hoja ya kisheria ya kuwaruhusu, na katika miaka iliyofuata miji mingi mikubwa ilikubali.

La pili sitalikwepa, kwa sababu nami lilinisumbua. Viongozi wengi wa Frauenbund walikuwa wanawake wa tabaka la kati na la juu, walikuwa na watumishi, na mafunzo ya kazi za ndani yaliwafaa. Pappenheim mwenyewe aliamini kazi ya jamii ifanywe kwa kujitolea na aliwatilia shaka maofisa wa ustawi wa jamii waliosomea na kulipwa mshahara, msimamo ambao ni rahisi sana kwa mtu asiyehitaji mshahara. Wanachama vijana wa miaka ya 1920 walimpinga katika hilo, nami nawaunga mkono. Mwaka 1924 aliachia urais, jarida la shirikisho likaanza kutoka, na mhariri wake, Hannah Karminski, alikuwa mwanamke aliyesomea kazi yake.

Lakini habari ya kupika na kufua ina sura nyingine ambayo mwaka 1926 hakuna aliyeweza kuiona. Naieleza sasa hivi.

Mtunza Kumbukumbu

Hitler alishika madaraka Januari 1933. Mwezi Mei shirikisho kuu la wanawake wa Ujerumani lilitakiwa kujipanga na utawala mpya na kuwatoa Wayahudi; Frauenbund ilijitoa yenyewe, na siku chache baadaye shirikisho hilo kuu likajivunja.

Kazi ya hisani ikageuka kuwa kazi ya kuokoa. Waume walifukuzwa katika utumishi wa umma, maduka yakasusiwa, na wanawake wa tabaka la kati ambao jana walikuwa watoaji leo walikuja kuuliza habari za ajira. Kuchinja kwa taratibu za Kiyahudi kulipigwa marufuku Aprili 1933, hivyo jarida la shirikisho lilifundisha namna ya kulisha familia chakula cha kosheri kisicho na nyama. Wanachama walizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya nguo na makaa kwa ajili ya msaada wa majira ya baridi wa Kiyahudi, kwa kuwa tangu 1935 msaada wa serikali uliwatenga.

Kisha ikaja habari ya kuhama, na hapa ndipo jibu la Kalamu Nyekundu lilipo. Uingereza haikutaka mawakili wala walimu kutoka Ujerumani, ila ilikuwa na upungufu wa watumishi wa nyumbani na ilitoa viza kwa wanawake waliokubali kazi hiyo. Takriban wanawake 20,000 waliingia kwa njia hiyo kabla ya vita, wengi wao Wayahudi, na kozi za upishi na kazi za nyumbani zikawa maandalizi ya safari. Binti wa daktari alijifunza kusugua sakafu kwa sababu sakafu hiyo ilikuwa ng'ambo. Simaanishi kwamba mafunzo yale yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Nasema tu yalivyotumika.

Pamoja na hayo, wanaume ndio walioondoka zaidi. Familia ziliona mtoto wa kiume yumo hatarini kukamatwa, na binti akabaki kuwatunza wazee. Kufikia 1939, wanawake walikuwa asilimia 57.5 ya Wayahudi waliobaki Ujerumani. Viongozi wa Frauenbund walililalamikia jambo hilo mapema.

Pappenheim alifariki tarehe 28 Mei 1936, akiwa mgonjwa wa saratani. Wiki chache kabla, polisi wa siri, Gestapo, walimwita Offenbach kumhoji kwa sababu msichana mmoja wa makazi yake, mwenye ulemavu wa akili, alikuwa amesema neno juu ya Hitler. Alikwenda akajibu, akarudi kitandani.

Tarehe 10 Novemba 1938, katika ghasia zile za kuchoma masinagogi nchi nzima, nyumba kuu ya Neu-Isenburg ilitiwa moto. Frauenbund ilipigwa marufuku, na kazi zake zikamezwa na chombo kimoja cha Wayahudi kilichowekwa chini ya usimamizi wa utawala. Rais wake wa mwisho, Ottilie Schönewald, aliyewahi kuwa diwani wa Bochum, aliondoka 1939 na hatimaye akafika Uingereza. Hannah Karminski aliwasindikiza watoto hadi Uingereza, akarudi Berlin kwa hiari yake kwa sababu kulikuwa na watu bado wa kuhudumiwa, na Desemba 1942 akapelekwa kambi ya Auschwitz. Cora Berliner, mchumi na makamu wa rais wa shirikisho, alikuwa ameondolewa Juni mwaka huo kuelekea Minsk. Wote wawili hawakurudi. Makazi ya Neu-Isenburg yalifungwa Machi 1942, na waliokuwa wamebaki ndani wakapelekwa kambi ya Theresienstadt.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma hadi mwisho. Juu ya marabi bado nina mashaka yangu, ila hoja ya Buenos Aires imenipunguzia. Je, shirikisho liliishia hapo?

Mtunza Kumbukumbu

La, Mwalimu. Lilifufuliwa mwaka 1953 na Jeanette Wolff, aliyenusurika katika kambi za Riga na Stutthof na wakati huo alikuwa mbunge wa chama cha kisoshalisti, nalo lipo hadi leo, dogo kuliko la zamani. Mwaka huohuo wa 1953 ndipo Ernest Jones, katika kitabu chake cha maisha ya Freud, alipoitangazia dunia kwamba Anna O. ni Bertha Pappenheim. Waliofanya naye kazi waliokuwa hai wakati huo walichukizwa sana, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 30 walimjua mwanamke huyu na hakuna siku aliyowasimulia habari hizo. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ilitoa stempu ya posta yenye sura yake, katika mfululizo wa wasaidizi wa binadamu.

Mama Zuhura wa Offenbach

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Miaka 11 naishi hapa Offenbach na treni ya Neu-Isenburg naipanda karibu kila juma, sikuwahi kujua. Kuna chochote cha kuona?

Mtunza Kumbukumbu

Mama Zuhura, kipo. Moja ya nyumba za makazi yale imefanywa mahali pa kumbukumbu tangu miaka ya 1990, na ipo mtaa unaoitwa Zeppelinstraße. Kaburi la Pappenheim liko Frankfurt, katika makaburi ya zamani ya Kiyahudi ya Rat-Beil-Straße, ubavuni mwa mama yake. Ukienda huko usipeleke maua. Katika wosia wake aliandika kwamba atakayemtembelea aweke jiwe dogo, kama ilivyo desturi yao, liwe ahadi ya kimya ya kuendelea kuutumikia wajibu wa wanawake.

Mama Zuhura wa Offenbach

Ahsante, mwanangu. Nitapita Jumapili, Jumamosi watakuwa wamefunga.